Nta Iondokayo Yenyewe

Mhariri ameniomba niandike somo la kemia lisilofungwa na mtihani, ambalo mwanafunzi wa leo na mwanafunzi wa zamani wataweza kulisoma pamoja. Nimechagua jambo dogo litumikalo katika nyumba za makumbusho na mahali panapochimbuliwa vitu vya kale, yaani nta ya muda. Nta hii hupakwa juu ya kitu dhaifu ili kukishika mpaka hatari ipite, kisha ikatoweka yenyewe pasipo kufutwa wala kukwanguliwa.

Nitaeleza kwanza taabu iliyoletwa na nta ya kawaida, kisha namna nta hii mpya inavyofanya kazi, na baadaye hasara zake, maana hasara zinazo. Mwisho nitatoa majaribio mawili yawezayo kufanywa katika maabara ya shule.

Makubadhi ya mfalme

Mwezi wa Novemba mwaka 1922 Mwingereza mmoja, Howard Carter, alilifikia kaburi la Mfalme Tutankhamun katika Bonde la Wafalme, nchini Misri. Ndani mlikuwa na vitu zaidi ya 5,000, vilivyokaa humo miaka 3,000 na zaidi. Watu wengi husimulia habari za dhahabu ya kaburi lile, lakini dhahabu haikuwapa wachimbuzi kazi kubwa, kwa kuwa dhahabu haiozi. Kazi ilikuwa katika nguo, ngozi, mbao na shanga.

Chukua makubadhi ya mfalme yaliyopambwa kwa shanga. Yakiwa chini sakafuni yalionekana mazima kabisa, kila ushanga mahali pake. Lakini uzi uliozishika shanga ulikuwa umeoza zamani. Mtu akijaribu kuyainua, mkononi hubaki na konzi ya shanga tu, na umbo la makubadhi limepotea. Shanga hazikupungua hata moja, lakini mpango wake umekwenda, na mpango ndio uliokuwa kazi ya fundi.

Carter na mkemia Alfred Lucas, aliyekuwa akifanya kazi Misri, walitumia dawa iliyokuwapo siku zile. Waliyeyusha nta ya parafini, yaani nta itumikayo kutengeneza mishumaa, wakaimimina juu ya shanga pale pale zilipolala. Baada ya saa moja au mbili nta ilikuwa imeganda, nayo makubadhi yakainuliwa kama kwamba yameshonwa jana.

Katika miaka hiyo hiyo Mwingereza mwingine, Leonard Woolley, alikuwa akichimbua mji wa Ur nchini Iraki. Katika kaburi moja alikuta kisanduku chenye picha za vita na karamu, zilizofanywa kwa vipande vya kombe, mawe mekundu na mawe ya buluu yatokayo milima ya Afghanistan. Watu wamezoea kukiita Bendera ya Ur, na leo kimewekwa katika British Museum, mjini London. Mbao zake zilikuwa zimekwisha kuoza, na vile vipande vilishikwa na udongo tu. Woolley na watu wake walisafisha kidogo kidogo, kiasi cha inchi moja ya mraba kwa mara moja, wakapaka nta sehemu iliyosafishwa kabla ya kuendelea na nyingine. Pasipo nta, sisi tusingeijua picha ile. Tungalirithi kikapu cha vipande vya rangi mbalimbali, basi.

Mgeni asiyeaga

Watu hao walifanya vema kwa maarifa waliyokuwa nayo. Lakini nta ya parafini ikikwisha kuingia katika kitu hukaa humo. Hujipenyeza katika vitundu vidogo vya mbao, mfupa, ngozi au mawe, na kila aina ya taabu huja nyuma yake.

Kwanza, nta hunasa vumbi, na kitu huzidi kuwa cheusi mwaka hadi mwaka. Pili, hubadili rangi ya kitu chenyewe, kama vile udongo mkavu unavyobadilika ukimwagiwa mafuta. Tatu, huziba njia. Fundi wa baadaye akitaka kutia gundi bora zaidi, gundi haishiki juu ya nta. Nne, kuitoa ni vigumu. Ukitia moto, unahatarisha rangi na mbao. Ukitia petroli au kimiminiko kingine kiyeyushacho nta, sehemu yake hutoka, lakini sehemu nyingine huchukuliwa ndani zaidi kuliko ilivyokuwa.

Kwa sababu hiyo wahifadhi wa kazi za sanaa wana kanuni moja wanayofundishwa mapema: usifanye juu ya kitu cha kale jambo ambalo mwenzako wa kesho hataweza kulitengua. Hawasemi hivyo kwa kumdharau fundi wa leo. Wanajua kwamba maarifa huongezeka, na kwamba dawa iliyo bora mwaka huu huenda ikaonekana mbovu baada ya miaka hamsini.

Basi swali likawa hili: je, yaweza kupatikana nta iliyo imara kama parafini wakati wa kazi, lakini ambayo kazi ikiisha huondoka yenyewe, bila moto, bila petroli na bila kuguswa na mkono?

Karafuu maiti katika sanduku

Jibu la swali hili wengi wetu tulikuwa nalo nyumbani. Katika sanduku la nguo la bibi yangu hapakukosa vipande vyeupe vya karafuu maiti, ambayo wengine huiita kafuri. Watu wa pwani huiweka nguoni kufukuza wadudu, na Waislamu huitumia pia katika maji ya kumwoshea maiti, ndipo lilipotoka jina lake. Kila aliyepata kuiweka anajua tabia yake. Utaweka kipande kikubwa, na baada ya miezi michache utakuta kimekuwa kidogo kama punje, au hakipo kabisa. Nguo hazikulowa, wala sanduku halina doa. Kimekwenda wapi? Kimegeuka mvuke na kutoka kwa nyufa za sanduku. Harufu uliyokuwa ukiisikia ndiyo karafuu maiti yenyewe ikisafiri.

Mmefundishwa ya kwamba kitu kigumu kikipashwa moto huwa kimiminiko, na kimiminiko kikipashwa zaidi huwa mvuke. Ndivyo ilivyo kwa barafu juu ya jiko. Lakini viko vitu viwezavyo kuiruka daraja ya katikati, vikatoka ugumu vikawa mvuke moja kwa moja, hata katika joto la kawaida la chumba. Jambo hili katika kemia huitwa sablimesheni.

Sababu yake imo katika molekuli. Molekuli za nta ya parafini ni minyororo mirefu ya kaboni, mara nyingi kaboni 20 mpaka 40 kwa mnyororo mmoja. Ni nzito, nazo hulala pamoja zikishikana kwa urefu wake wote, kama nyuzi za katani zilizofungwa robota. Ni vigumu mmoja kujitoa na kuruka hewani. Molekuli ya karafuu maiti ina kaboni 10 tu, na umbo lake limejikunja karibu kama tufe. Hugusana na wenzake kwa sehemu ndogo tu, na hushikana nao kwa nguvu kidogo. Kila dakika baadhi ya zile zilizo juu hujitenga na kwenda na upepo.

Siklododekani

Mnamo miaka ya 1990 wataalamu watatu wa Ujerumani, Hans Michael Hangleiter pamoja na Elisabeth Jägers na Erhard Jägers, walileta katika kazi ya uhifadhi kitu kiitwacho siklododekani. Taarifa yao ilichapishwa mwaka 1995. Jina ni refu, lakini maana yake ni nyepesi: ni kaboni 12 zilizoungana kuwa duara moja kama bangili, na kila kaboni imeshika haidrojeni mbili. Kwa hiyo fomula yake ni C12H24. Ukiitazama waweza kudhani ni nta ya mshumaa, kwa weupe wake na mng'aro wake. Huyeyuka ikifika karibu digrii 60 za sentigredi, na ikipoa huganda upesi.

Haikubuniwa kwa ajili ya makumbusho. Viwanda huunganisha molekuli tatu za butadieni, gesi itokayo katika mafuta ya petroli, zikawa duara la kaboni 12. Njia hiyo ilifunguliwa na mkemia Günther Wilke wa Ujerumani katika miaka ya 1950. Kutoka katika duara hilo hutengenezwa nailoni ya aina moja iliyo ngumu, itumikayo kwa mipira ya kupitishia petroli ndani ya magari. Wahifadhi waliona tu kwamba ndugu mmoja wa jamaa hiyo ana tabia waliyokuwa wakiitafuta.

Siklododekani hupakwa kwa njia tatu. Njia ya kwanza ni kuiyeyusha kwa moto mdogo na kuipaka kwa brashi, mara nyingi juu ya kitambaa chepesi cha shashi kilichotandikwa juu ya kitu. Hapo hupatikana ganda gumu, lililoshikamana vizuri. Njia ya pili ni kuichanganya na kimiminiko kinachokauka upesi, kisha kuipaka. Kimiminiko kikikauka huacha fuwele ndogo ndogo kama sindano, na ganda lake si zito kama lile la kwanza. Njia ya tatu ni kuirusha kwa bomba la kunyunyizia, mahali ambapo hata mguso wa brashi ungeleta madhara.

Kazi yake si kushika vitu tu. Siklododekani haiyeyuki katika maji, wala maji hayaipiti. Fikirini karatasi ya zamani yenye madoa, inayohitaji kuoshwa, nayo ina muhuri au sahihi ya wino unaotoka kwa maji. Fundi huipaka ile sahihi nta hii mbele na nyuma, kisha huiosha karatasi yote. Maji hupita kila mahali isipokuwa pale. Karatasi ikikauka huachwa mahali penye hewa, na baada ya siku kadhaa nta imekwenda, sahihi ikabaki kama ilivyokuwa.

Je, huchukua muda gani kuondoka? Kipimo kinachotajwa mara nyingi ni 0.03 ya milimita kwa siku katika chumba cha kawaida. Maana yake ganda la milimita 3 litahitaji siku 100 hivi. Joto na upepo huongeza mwendo. Kufunika kwa karatasi ya plastiki hupunguza. Kwa hiyo fundi anayetaka kusafirisha kitu hukifunika, na akifika anakokwenda hukifunua.

Askari wa udongo

Mfano mkubwa wa kazi ya nta za muda umo nchini China. Mwezi wa Machi mwaka 1974 wakulima waliokuwa wakichimba kisima karibu na mji wa Xi'an waligonga vipande vya sanamu. Walikuwa wamefikia jeshi la udongo wa kuchoma lililozikwa karibu na kaburi la Mfalme Qin Shi Huang, aliyefariki mwaka 210 kabla ya Kristo. Hukadiriwa kwamba askari hao, pamoja na farasi wao, ni kama 8,000, na kila askari ni wa kimo cha mtu.

Picha tuzionazo huonyesha askari wa rangi ya udongo. Lakini sivyo walivyotengenezwa. Kila mmoja alipakwa kwanza utomvu wa mti unaogeuka kuwa ganda jeusi linalong'aa, kisha juu yake akatiwa rangi nyekundu, kijani, buluu, waridi na zambarau. Utomvu huo umekaa katika udongo wenye unyevu miaka zaidi ya 2,000. Askari akitolewa kwenye hewa kavu, unyevu hutoka, ganda hunywea, hujikunja kama jani la mgomba lililokauka, na kuanguka pamoja na rangi. Jambo hili huweza kutokea kwa dakika chache tu. Hivyo ndivyo askari wengi wa kwanza walivyopoteza rangi zao mbele ya macho ya watu waliokuja kuwaokoa.

Kilichohitajika ni kitu cha kuyashika maganda pale pale shimoni, mara tu udongo unapoondolewa, mpaka kipande kifike katika maabara ambako unyevu huongozwa na dawa ya kudumu hutiwa taratibu. Mwaka 2014 watafiti wa China walichapisha taarifa ya kutumia mentoli kwa kazi hiyo. Mentoli ndiyo ile iliyomo katika dawa za mafua na za kuchua, yenye baridi puani, nayo hupatikana katika jamii ya mnanaa. Ni fuwele nyeupe ziyeyukazo kwenye digrii 42 hivi. Huyeyushwa, hupakwa juu ya kitambaa chepesi kilichowekwa juu ya kipande, huganda, na kipande huinuliwa kikiwa kizima. Baadaye mentoli huruka hewani.

Yuko na wa tatu katika jamaa hii, kamfeni, ambaye ni ndugu wa karibu wa karafuu maiti. Fomula yake ni C10H16, na ile ya karafuu maiti ni C10H16O; viwandani hata hutengeneza karafuu maiti kwa kuanzia turpentaini na kupitia kamfeni. Kamfeni huondoka upesi kuliko siklododekani, na hufaa kwa kazi ya siku chache.

Hasara zake

Sasa nawaomba msomaji na mwanafunzi watulie, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe ninalotaka kulisema. Tumesema nta hii hutoweka. Lakini katika kemia hakuna kitu kinachotoweka. Gramu 100 za siklododekani zikitoka juu ya picha, basi gramu 100 ziko mahali pengine. Swali la haki ni: ziko wapi, na ni nani anayezibeba?

Sehemu ya kwanza imo katika hewa ya chumba, na anayeivuta ni fundi. Kwa hiyo kazi hii hufanywa mahali penye mashine ya kuvuta hewa chafu, au nje, au kwa kuvaa kinyago kifaacho. Mvuke wa mentoli huwasha macho na pua, na kamfeni hushika moto kwa urahisi. Isitoshe, chumba kikifungwa na ubaridi ukiingia, mvuke hurudi kuwa fuwele juu ya vioo na juu ya vitu vingine ambavyo havikupakwa kamwe.

Sehemu ya pili huenda mbali zaidi. Siklododekani haiozi upesi katika mazingira, na kwa kuwa hupenda mafuta kuliko maji, ina mwelekeo wa kujilimbikiza katika miili ya samaki na viumbe wengine wa majini. Kitu kilichosifiwa kwa kutoacha alama juu ya picha chaweza kuacha alama mtoni. Hii ni sababu moja iliyowafanya wahifadhi wengi kuigeukia mentoli. Sababu nyingine ni upatikanaji. Mnamo Machi 2012 kiwanda kimoja mjini Marl, Ujerumani, kilichotengeneza kemikali ambayo nailoni ile na siklododekani hutokana nayo, kilipatwa na mlipuko na moto, na wafanyakazi wawili wakafa. Viwanda vya magari vya nchi nyingi viliingiwa na hofu ya kukosa nailoni. Fundi wa makumbusho anunuaye kilo mbili au tatu kwa mwaka hana nguvu yoyote katika soko la namna hiyo.

Tena iko hasara ya kazi yenyewe. Siklododekani iliyoyeyushwa huwa na joto la digrii 60 au zaidi, na si kila rangi inayostahimili. Fuwele zikikua chini ya ganda lililo dhaifu huweza kulisukuma. Mentoli nayo huweza kulainisha baadhi ya vanishi za zamani. Na mahali penye jua kali, ambapo jiwe hufikia digrii 45 mchana, mentoli haitaganda kamwe; itakuwa maji tu, wala haitashika kitu. Watu wa nchi za joto hawana budi kulijua jambo hili kabla ya kufuata kitabu kilichoandikwa penye baridi.

Na la mwisho, nta ya muda haiponyi. Ni kama mbao afungwazo mtu aliyevunjika mguu ili afike hospitali. Mguu haujaungwa bado. Ikiwa nta itaruka kabla fundi hajatia dawa ya kudumu, kitu kitarudia udhaifu wake ule ule, nacho sasa kiko juu ya meza, hakishikwi hata na udongo. Mwenye kuipaka lazima awe amekwisha kupanga siku ya kuondoka kwake.

Kwa maoni yangu hasara hizi hazitoshi kuikataa nta ya muda. Rangi ya uso wa askari wa Xi'an ikianguka haitarudi, na gramu chache za mentoli ni bei ndogo kwa kuiokoa. Lakini bei hiyo itajwe wazi na ipimwe, wala tusiridhike na neno kwamba dawa imetoweka.

Majaribio mawili

Majaribio haya yafanywe mbele ya mwalimu, madirisha yakiwa wazi na pasipo moto karibu, maana karafuu maiti huwaka sana. Isionjwe, nayo ni sumu ikiliwa. Tena angalieni sana dukani: vidonge vingi vyeupe vya kuzuia nondo si karafuu maiti, bali ni naftalini. Naftalini ina hatari kwa watu wenye upungufu fulani wa damu wa kurithi, ambao ni wa kawaida katika nchi zenye malaria, na zaidi kwa watoto wachanga. Msiitumie.

Jaribio la kwanza. Chukua vipande vitatu vya karafuu maiti, kila kimoja gramu 5. Kimoja kiweke juu ya kisahani kivulini penye upepo. Cha pili kiweke juu ya kisahani, ukakifunike kwa kikombe. Cha tatu kiweke dirishani penye jua. Pima uzito wa kila kimoja kila siku saa ile ile kwa siku 14, ukitumia mizani ionyeshayo sehemu ya mia ya gramu. Chora grafu tatu katika karatasi moja. Tazama pia ndani ya kikombe kila asubuhi, uandike unachokiona.

Jaribio la pili. Jaza mchanga mkavu katika sinia mbili. Juu ya kila moja panga shanga 30 kwa mapambo yale yale, bila uzi. Tandika juu yake bandeji nyembamba, pande moja tu. Sinia ya kwanza ipake nta ya mshumaa iliyoyeyushwa. Sinia ya pili ipake mentoli, iliyoyeyushwa kwa kutia chombo chake ndani ya maji ya moto ya digrii 50, si juu ya moto. Zikiganda, inua bandeji na kuzigeuza. Hesabu ni shanga ngapi zimetoka mahali pake. Kisha ziache bandeji zote mbili mahali penye hewa kwa wiki sita, ukizipima kila wiki.

Vitu vilivyo karibu nasi

Si lazima mtu aende China ili akutane na jambo hili. Katika nyumba nyingi za kwetu viko vitu vya wazee: ngoma, vigoda, kofia za shanga, barua na vitabu vya hati za mkono, nguo za magome ya miti. Mtu mwema akiona kigoda cha babu kimeanza kupukutika hukimbilia kukipaka vanishi au mafuta ya gari. Akiona barua ya zamani imechanika huibandika utepe wa gundi. Anafanya kwa mapenzi, lakini anakipa kitu mgeni asiyeondoka, na pengine anaziba njia kwa fundi ambaye angalikiponya.

Kwa hiyo shauri langu ni fupi. Kitu cha kale kikiwa dhaifu, kiwekeni kivulini, mbali na moshi, unyevu na mchwa, juu ya kitambaa safi, na msikipake chochote. Mkikuta kitu ardhini mkilima au mkichimba msingi, msikivute. Kifunikeni kwa udongo ule ule mlioutoa, wekeni alama, mkawaarifu watu wa makumbusho. Udongo ulikishika miaka mingi, utakishika wiki moja zaidi.

Maswali

1. Ganda la siklododekani lina unene wa milimita 2. Ikiwa hupungua kwa 0.03 ya milimita kila siku, litachukua siku ngapi kuisha?

2. Kwa nini kipande kilichofunikwa kwa kikombe kilipungua polepole, na zile fuwele ndani ya kikombe zilitoka wapi?

3. Fundi mmoja anafanya kazi mahali ambapo joto la mchana ni digrii 44. Anayo mentoli na siklododekani. Atumie ipi, na baada ya kazi achukue hadhari gani?

4. Je, yafaa kutumia dawa iokoayo picha moja lakini yenye madhara kidogo kwa samaki wa mtoni? Toa sababu za pande zote mbili, kisha sema uamuzi wako.

Majibu ya maswali matatu ya kwanza yapelekwe kwa mwalimu wa kemia. Swali la nne nitafurahi kuona limejadiliwa katika kurasa hizi, na wanafunzi wa zamani wakaribie pia.